Thuraya na Picha ya Mizizi ya Mkoko

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijafika kwenye ua wa nyumba, Thuraya alikuwa na kazi moja ambayo hakumruhusu mtu yeyote kumpokonya. Alikaa juu ya jamvi, akazichukua sindano za bibi yake moja moja, akazitunga uzi mweupe, kisha akazichomeka kwenye mto mdogo mwekundu. Alipomaliza, mto ule ulionekana kama nungunungu mwenye ndevu.

Bibi yake, Bi Saadiya, alikuwa mshonaji wa kofia, na fundi wa kuchora nakshi zake. Macho yake yalikuwa bado hodari wa kuona kasoro ya mchoro kutoka upande wa pili wa chumba, lakini tundu la sindano lilikuwa limeanza kumpiga chenga.

"Mato yangu yameingia kiburi," alisema kwa Kiamu chake. "Siku hizi yanataka kuona vitu vikubwa tu."

"Yaache yapumzike, Bibi," Thuraya alimjibu. "Yangu bado hayajapata cheo."

Nyumba yao ilikuwa Mkomani, katika mji wa Amu, ambao wageni huuita Lamu, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Thuraya alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake alifanya kazi Mombasa na alirudi likizoni, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili tu, Bibi na mjukuu. Kulikuwa pia na kioo kikubwa cha arusi ya Bibi, kilichotundikwa ukutani tangu ujana wake.

Kofia nzuri ya mkono haishonwi haraka. Kwanza mchoro huchorwa kwa penseli juu ya kitambaa cheupe. Kisha vitobo vidogo vidogo hutobolewa, na kila kitobo huzungushiwa uzi mpaka kiwe imara. Mshonaji mwepesi huweza kukaa na kofia moja miezi. Wanawake kadhaa wa mtaa ule walishona kwa michoro ya Bi Saadiya, na kila mmoja aliuza kazi ya mikono yake kwa heshima.

Mchoro aliopenda Bibi kuliko yote aliupata kwa bahati. Alikuwa akirudi kutoka arusini Mbwajumali, kijiji cha kisiwa jirani, maji yakapwa, na boti ikakwama kwenye mlango wa mikoko. Abiria wengine walilalamika. Bibi alikaa akiitazama mizizi ya mikoko jinsi inavyopinda na kupishana juu ya tope, na mashimo ya kaa yaliyojipanga chini yake. Alipofika nyumbani hakuvua hata buibui. Aliitisha penseli. Nakshi hiyo akaiita Mizizi ya Mkoko.

"Lakini naogopa," alimwambia Mwalimu Keziah siku alipokuja kuwatembelea. "Mchoro wangu wa mwisho uliigwa kabla sijauza kofia ya tatu. Nikasema ni wangu, wakaniuliza, una ushahidi gani?"

Mwalimu Keziah alitoka bara, na alifundisha wasichana kompyuta katika maktaba kila Jumamosi mchana. Alikuwa amejifunza kula mkate wa mofa na kusema "sabalkheri" bila kigugumizi, na Bibi alimpenda.

"Iko njia, Bi Saadiya," alisema. "Kuna sarafu ya mtandaoni iitwayo bitkoini. Kila mtu anapomlipa mwenziwe, malipo hayo huandikwa mahali pamoja, na nakala zake huwekwa katika maelfu ya kompyuta duniani. Maandishi ya leo hufungwa na ya jana, na ya jana na ya juzi, kama pete za mnyororo. Ukitaka kubadilisha ya jana, itabidi uvunje mnyororo wote, na kompyuta nyingine zitakukana."

Bibi alikunja uso. "Hiyo si kamari, Mwalimu? Nimesikia vijana wamepoteza mali zao huko."

"Ni kweli, wapo waliopoteza. Sisi hatununui ili tuuze, wala hatubahatishi. Ndani ya malipo yale pana nafasi ndogo ya kuandika kitu ambacho si fedha. Watu huandika salamu, majina, hata dua. Tutalipa ada, kama mtu anunuavyo stempu, tuandike letu, basi."

"Na mchoro wangu utaonwa na dunia nzima?"

"Hautaonwa. Nafasi yenyewe ni finyu, picha haienei. Lakini kompyuta huweza kuisoma picha nukta kwa nukta na kutoa mfululizo wa herufi na tarakimu. Tuuite alama ya kidole ya picha. Vidole vya watu wawili havifanani, na picha mbili tofauti hazitoi alama moja. Tutaiweka alama tu katika mnyororo, pamoja na tarehe yake. Picha yenyewe utabaki nayo wewe."

"Mtu akiiona hiyo alama hataweza kuchora kofia yangu?"

"Ukiona unyayo mchangani, Bi Saadiya, utajua mwenye unyayo ana macho ya rangi gani?"

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. "Huyu wa bara ana maneno!" Hata hivyo hakukubali palepale. Alikwenda kwanza kumuuliza Maalim Jeilani, mwalimu wa madrasa, naye akamwambia kwamba kulipia ushahidi wa haki yako si kucheza kamari. Ndipo Bibi akaridhika.

Picha ilipigwa nyumbani na Thuraya kwa simu ya Bibi, katika mwezi wa Mfunguo Sita, siku chache baada ya Maulidi. Mwalimu Keziah aliitia kwenye kompyuta yake, akatoa alama, akaituma kwenye mnyororo. Kwa kuwa Bibi hakutaka nakala ya pili ibaki popote, Mwalimu aliifuta picha kwenye kompyuta mbele ya macho yake. Memori kadi iliyokuwa na picha aliichomoa katika simu, akaitia katika kijaluba cha shaba na kumkabidhi Thuraya.

"Hii ni amana," alisema. "Alama iliyo kwenye mnyororo haina faida bila picha hii. Itunze kama ilivyo."

"Nitaitunza, Mwalimu," Thuraya alijibu, na alijiona amekua kwa siku moja.

Wiki moja ilipita. Thuraya alishikwa na hamu ya kuitazama picha aliyoipiga mwenyewe. Akaitia kadi katika simu, akaifungua. Mchoro ulikuwa mzuri. Lakini kwenye pembe ya picha alikiona kioo cha arusi, na ndani ya kioo alimwona Bibi. Siku ile Bibi alikuwa ametoka kuosha nywele na kutia hina, amekaa kichwa wazi kama mwanamke akaavyo nyumbani kwake, na nywele zake nyekundu zimemwagika mabegani.

Thuraya alishtuka. Picha hii siku moja itaonyeshwa watu, na wanaume watakuwamo! Bibi yake, ambaye hakuwahi kufika hata mlangoni bila mtandio! Aliona haya kumwambia, kwa sababu angemwambiaje? Basi akafanya alichoona ni heshima. Akakata pembe ile ya kioo, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaingia kazini, akaongeza mwanga kidogo na kuung'arisha weupe wa kitambaa. Akaihifadhi picha mpya na kuifuta ya zamani.

"Sasa imependeza," alijisemea. Akairudisha kadi kwenye kijaluba, na hakuigusa tena.

Mfunguo Sita ulikwisha, na miezi mingine ikafuata. Kofia za Mizizi ya Mkoko zilianza kuonekana mjini, na watu wakazisifu. Ulipoingia mwezi wa Shaabani, wakati wanaume wanapoanza kufikiria kofia za Idd, Bwana Obeid akaleta dukani kwake, kwenye njia kuu ya Usita wa Mui, maboksi ya kofia za mashine. Nakshi yake ilikuwa ileile, mizizi na mashimo ya kaa. Kisha akapeleka ombi kwa Chama cha Mafundi wa Mkono, akitaka nakshi hiyo iandikwe kwa jina la duka lake.

Kanuni ya chama ilikuwa nakshi moja, jina moja. Kama Bwana Obeid angekubaliwa, Bi Saadiya na wanawake wenzake wangelazimika kuomba ruhusa ya kushona kitu kilichotoka kichwani mwa Bibi mwenyewe. Chama kiliitisha kikao siku ya Alhamisi.

"Sina wasiwasi," Bibi aliwaambia wanawake waliokuja kumpa pole. "Ushahidi wangu anao mjukuu wangu."

Thuraya alitabasamu. Hakujua lolote bado.

Jumamosi kabla ya kikao, Mwalimu Keziah aliamua kuwafundisha wasichana wote habari ya alama za kidole. Aliweka picha ya punda kwenye kompyuta, akatoa alama yake, akaiandika ubaoni. Kisha akabadilisha nukta moja tu katika sikio la punda. Kwa macho, picha ilikuwa ileile. Akatoa alama tena. Haikufanana na ya kwanza hata kidogo.

"Mwalimu, hata nukta moja?" aliuliza Thuraya.

"Hata moja. Hiyo ndiyo nguvu yake. Haina habari ya kuwa ulibadilisha kidogo, au ulibadilisha kwa nia njema."

Wenziwe walicheka na kumtania yule punda wa nukta. Thuraya hakucheka. Njiani alimweleza rafiki yake Rania kila kitu.

"Toba!" Rania alishika mdomo. "Sema kadi imeanguka baharini."

"Nitamdanganya Bibi?"

"Basi piga nyingine! Kitambaa cha mchoro si mnacho bado? Kiweke palepale, funika kioo, piga kwa simu ileile. Nani atajua?"

"Kompyuta itajua. Si umemsikia Mwalimu?"

"Labda ikikaribiana sana itakubali," alisema Rania. "Jaribu tu, wewe. Kujaribu si dhambi."

Mtu aliyekwama hushika hata jani. Alasiri ile Thuraya alikitandaza kitambaa mahali pake, akafunika kioo kwa leso, akatia kadi katika simu. Aliielekeza simu kwenye mchoro. Kidole chake kilikuwa karibu kugusa kitufe.

Chumba cha pili Bibi alikuwa amemaliza kusali, na alikuwa akiomba dua kwa sauti ya chini, kama desturi yake.

"Ewe Mola wangu, nakushukuru. Mato yangu yamechoka, ukanipa mato mengine. Umenipa mtoto wa kunitungia sindano, na wa kunitunzia amana yangu. Nikushukuru kwa lipi, niache lipi?"

Kidole cha Thuraya kilisimama hewani. Maneno yale yalimchoma kuliko fimbo. Alikuwa akishukuriwa kwa amana ambayo hakuitunza. Aliiweka simu chini polepole, kama kitu kinachoweza kuuma, akaenda mpaka kwenye msala wa Bibi na kupiga magoti.

"Bibi, nimekosa."

"Umevunja nini?"

"Nimeharibu amana."

Akamweleza yote, kioo, nywele, kukata, kung'arisha, punda wa ubaoni, hata ushauri wa Rania na simu aliyoiacha sakafuni. Bibi alisikiliza bila kumkatiza.

"Uliogopa nisionwe kitwa wazi?" Bibi aliuliza mwishowe.

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Haya ni nguo njema, mwanangu. Lakini ukilivika kosa, kosa hunenepa ndani yake." Bibi aliinuka kwa kushika bega la mjukuu wake. "Nimekasirika, sitakuficha. Lakini hasira nitaimaliza njiani. Nipe buibui langu, twende kwa Mwalimu."

Mwalimu Keziah aliwakaribisha, akasikiliza, akaishika ile kadi ndogo kwa ncha za vidole.

"Thuraya, nijibu vizuri. Baada ya kuifuta ile picha ya kwanza, umeweka kitu kingine chochote katika kadi hii? Picha, wimbo, chochote?"

"La, Mwalimu. Leo nilikuwa karibu kupiga picha."

"Karibu, au ulipiga?"

"Sikupiga."

Mwalimu alishusha pumzi. "Mungu ni mwema. Sikiliza. Ukifuta picha, simu haiichomi moto. Huondoa jina lake mlangoni tu, na kusema chumba kiko wazi. Mwenyewe bado yumo ndani mpaka mpangaji mwingine aingie. Ungepiga picha moja tu leo, huenda mpangaji huyo angemtoa wa zamani, na tusingempata tena."

Thuraya alifumba macho. Alikumbuka kidole chake kilivyosimama hewani, na akamshukuru Mungu kwa dua iliyopita ukutani.

Mwalimu alitia kadi katika kompyuta, akaiwasha programu ya kutafuta vilivyofutwa. Vikatokea vipande vipande, nusu ya mlango, paka asiye na kichwa, kisha vitu visivyo na umbo. Bibi alikuwa akivuta tasbihi. Mara ikatokea picha nzima, yenye kitambaa, mizizi, mashimo ya kaa, na kioo pembeni.

"Huyu mzee ni nani?" Bibi alishtuka.

"Ni wewe, Bibi."

"Subhanallah! Kumbe hina ilikoza!"

Walicheka, ingawa bado walikuwa na hofu. Mwalimu Keziah aliitoa alama ya picha. Kisha akafungua mnyororo na kuitafuta ile alama ya Mfunguo Sita. Thuraya alisoma herufi na tarakimu za kwenye mnyororo, Mwalimu akafuata kwa kidole zile za picha. Walikwenda hivyo mpaka mwisho, na hakuna iliyokwenda kombo. Bibi alielekea kibla, akasujudu palepale sakafuni, sijida ya shukrani.

Alipoinua uso, alikuwa na swali. "Sasa hicho kioo hakikatiki?"

"Hakikatiki, Bi Saadiya. Tukikikata, tumerudi tulikotoka."

"Nami sitaonyesha nywele zangu kwa akina Obeid." Bibi aliwaza kidogo. "Hiyo kompyuta, ili itoe alama, ni lazima picha ifunguliwe watu waione?"

"Hapana. Huisoma ikiwa imefungwa."

"Basi mambo ni mepesi! Wanaume waone herufi, na picha aione mwanamke mwenzangu. Bi Aaliya yumo katika kamati, na neno lake halina shaka."

Siku ya Alhamisi ukumbi wa chama ulijaa. Mwenyekiti alikuwa Maalim Jeilani yuleyule. Bwana Obeid alikaa mbele, kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara aliyejiamini.

"Nakshi hii nimeletewa dukani kwangu mwezi wa Rajabu," alisema. "Na mchoro wake ninao. Bi Saadiya namheshimu, lakini hizi habari za kompyuta ni mazingaombwe. Picha huweza kurekebishwa hata na mtoto."

Watu waliguna. Bibi alimtazama Thuraya, akamwachia mwenyewe aamue. Thuraya alisimama.

"Ni kweli, Bwana Obeid. Mtoto mwenyewe ni mimi."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Niliirekebisha picha ya Bibi bila ruhusa. Nilikata pembe moja na kuongeza mwanga. Picha niliyoirekebisha hii hapa. Tafadhalini, ipimeni kwanza hiyo."

Mwalimu Keziah aliipima. Alama ilipotokea, Maalim Jeilani alivaa miwani na kuilinganisha na ile ya kwenye mnyororo.

"Hazipatani hata kidogo," alisema.

"Sasa, Maalim, pima ya asili," alisema Mwalimu Keziah, "ambayo haikuguswa."

Ilipimwa bila kufunguliwa. Maalim alisoma kwa sauti, polepole, kama asomavyo hesabu ya mirathi. Herufi zilipatana zote. Na tarehe iliyoandikwa katika mnyororo ilikuwa ya Mfunguo Sita, muda mrefu kabla ya Rajabu.

"Kumbe hapa kumerekebishwa kidogo tu, na kompyuta imemkana mwenyewe!" mzee mmoja alisema nyuma. "Basi mazingaombwe haya ni magumu kuliko hakimu."

Kompyuta ilipelekwa kwenye pembe ya ukumbi, nyuma ya pazia, na Bi Aaliya akaenda kuitazama picha peke yake. Kilisikika kicheko chake.

"Saadiya, kumbe nywele bado unazo!"

"Shuhudia nakshi, wewe, uache nywele!" Bibi alimjibu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Bi Aaliya alitoka akijifuta machozi ya kicheko. "Nashuhudia mbele ya Mungu kwamba nimeiona Mizizi ya Mkoko, kamili, juu ya kitambaa, kwa mkono wa Bi Saadiya ninaoujua tangu utotoni."

Bwana Obeid aliinamisha kichwa. Alipokiinua, sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Kijana aliyeniletea mchoro aliniapia kuwa ni wake, nami sikuuliza zaidi kwa sababu jibu lilinipendeza. Bi Saadiya, niwie radhi. Kofia zile nitaziondoa. Na kama wewe na wenzio mtakubali, nipeni za mkono niziweke mahali pake, kwa jina lako."

"Nimekuwia radhi, Bwana Obeid," alisema Bibi. "Na nakushukuru. Wengi huona kosa lao, wachache hulitaja hadharani."

Jioni ile watatu, Bibi, Mwalimu Keziah na Thuraya, walikaa uani wakinywa chai ya tangawizi na mahamri. Thuraya alikizungusha kikombe chake mkononi.

"Bibi," alisema, "hukuniambia kama umenisamehe."

"Nilikusamehe tulipokuwa njiani kwa Mwalimu, karibu na kile kisima. Ulitembea haraka, hukuniona nikitabasamu." Bibi aliweka kikombe chini. "Lakini nisikilize, maana msamaha bila funzo ni chai bila sukari. Amana hairembwi. Mtu akikukabidhi kitu, usikipunguze, na usikiongeze uzuri kwa akili yako. Kirudishe kama ulivyokipokea. Ukiona kina dosari, mwenyewe yupo, mwambie. Nia yako ilikuwa njema, nami naishukuru nia hiyo. Ila nia njema iliyofichwa ilitaka kuniponza, na ukweli ulioniuma ndio ulioniokoa. Ungechelewa kwa picha moja tu, leo tungekuwa tunalia."

"Nimesikia, Bibi. Sitarudia."

Bibi alimgeukia Mwalimu Keziah. "Na ile nafasi ndogo ya maneno, Mwalimu, iko bado?"

"Ipo daima, Bi Saadiya. Unataka kuweka mchoro mwingine?"

"La. Yeo nataka kuweka shukrani. Nimepewa mjukuu msema kweli, na mgeni aliyegeuka ndugu. Neno lisilofutika linafaa kuwa la kushukuru. Andika: Alhamdulillahi. Saadiya na Thuraya, Amu."

"Na Keziah," Thuraya aliongeza upesi.

"Na Keziah," Bibi alikubali.

Mwalimu alicheka huku macho yamelowa, akaandika, kisha akamgeuzia Thuraya kompyuta ahakikishe kabla ya kutuma. Thuraya aliyasoma maneno yale mara mbili, neno kwa neno. Yalikuwa vilevile kama Bibi alivyoyasema. Hakuongeza wala hakupunguza kitu. Akabonyeza.